Nilikata Kutoka Chini

Nilipokuwa darasa la tano la sekondari, gazeti moja la hapa mjini Bunia lilifungua kambi ya uandishi wa habari kwa wanafunzi wakati wa likizo kubwa. Wiki mbili tu. Tulichukuliwa wanane kutoka shule mbalimbali, na mimi nilikuwa mmoja wao. Basi mtaa wetu wote wa Nyakasanza ukajua. Nilimwambia muuza mkate, nilimwambia kijana wa moto, yaani pikipiki, aliyenipeleka siku ya kwanza, nilimwambia hata jirani ambaye hatukuwa tukisalimiana vizuri. Baba alisema kazi ya gazeti ni ya watu wenye kelele. Mama akamjibu kwamba basi mtoto amepata kazi yake.

Huwa nacheka nikikumbuka maneno hayo, halafu kicheko kinakatika, kwa sababu ndani ya wiki hizo mbili nilimtendea mama mmoja ubaya ambao sijaweza kuurekebisha. Nimewahi kuusimulia nusunusu, nikiacha sehemu inayoniumbua. Leo nausema wote.

Ofisi ya gazeti ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu na jenereta uani. Mhariri alikuwa mtu mzima, mfupi, mpole akiongea, mkali akishika kalamu. Sote tulimwita papa, yaani baba. Siku ya pili alitutuma soko la Mudzipela tukatafute habari. Nikarudi na kurasa tatu: vumbi, mama muuza sombe, mboga ya majani ya mihogo, aliyenitania kwa viatu vyangu, moto mbili zilizokaribia kunigonga, na mwishoni kabisa, kama jambo dogo, kwamba safu nzima ya vibanda ilikuwa imeambiwa ihame kabla ya mwisho wa mwezi.

Papa alisoma zote tatu taratibu, halafu akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Binti, habari yako iko huku. Umeizika, na hata msalaba hukuweka."

Wenzangu walicheka mpaka nikatamani kurudi nyumbani. Papa akaenda ubaoni, akatuandikia kanuni: cha maana kikae juu, kisicho na maana kikae chini, na nafasi ikiwa ndogo, kata kutoka chini bila huruma. Niliinakili, nikaipigia mstari mara mbili. Tangu hapo hakuna aliyenicheka tena. Kufikia wiki ya pili wenzangu walikuwa wakiniletea makala zao niwapunguzie, nami nilipunguza kwa raha, mistari ikianguka kama majani ya mihogo chini ya kisu cha mama yangu. Nilianza kujiona. Tulikuwa tumeambiwa kwamba mwanafunzi mmoja atabakishwa gazetini mpaka shule zifunguliwe, na sikuona kwa nini awe mwingine.

Papa alinipa meza ya matangazo, ile ya karibu na mlango. Kadi zilizopotea, viwanja vinavyouzwa, na komunike za kifo, yaani yale matangazo ambayo familia inaandika kuwajulisha watu msiba. Kwetu komunike si jambo la kupita tu. Watu wanaisoma mstari kwa mstari kuona nani katajwa na nani karukwa, na kuna koo zimenuniana miaka kwa sababu ya jina moja. Hilo nililijua tangu utotoni. Hakuna aliyehitaji kunifundisha.

Jumatano ya wiki ya pili aliingia mama mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani, ameshika mkono wa binti yake, mtoto wa kama miaka mitatu. Mume wake alikuwa mchimba dhahabu. Udongo ulikuwa umemwangukia machimboni, na walikuwa wamemzika siku iliyotangulia. Mama yule aliniwekea mezani karatasi ya daftari iliyojaa pande mbili, mwandiko wa mtu aliyekuwa akiandika na kupumzika.

"Soma kwanza, mutoto wangu," alisema. "Kama kuna makosa utengeneze."

Nikamwambia makosa ni machache. Akakaa kwenye benchi, akanieleza bila kuulizwa. Mume wake alitoka upande wa Butembo. Miaka saba walikuwa wanaishi pamoja, na nyumba yao ya mtaa wa Saio waliijenga wao wawili, yeye mwenyewe akibeba maji ya kufyatulia matofali. Lakini mahari haijapelekwa, wala familia hizi mbili hazijawahi kukaa pamoja rasmi. Kila mwaka mume alisema barabara ya kwao ikitulia, ikipitika kwa usalama, tutaenda, na barabara haikutulia.

"Wanakuja Jumamosi kwa matanga," alisema. "Kwa familia yake mimi sijajulishwa. Nataka wakifika, gazeti ikuwe imeshasema mimi njo bibi yake, na huyu njo mutoto wake. Nisipokuwa na kitu ya kuonyesha, ile nyumba watatutoa." Akamvuta mtoto karibu. "Jina yangu itaonekana?"

"Itaonekana, mama."

Nilisema hivyo huku nikitabasamu. Nilikuwa na tabasamu langu la kazi.

Alhamisi jioni tulikuwa tunapanga kurasa ili gazeti litoke Ijumaa. Likaja tangazo kubwa la mfanyabiashara, likala karibu nusu ya ukurasa wetu. Papa akaniita kutoka kwenye kompyuta: "Hiyo komunike ya kifo, toa mistari sita." Nikachukua kalamu nyekundu. Baada ya habari ya kifo chenyewe ilifuata orodha ya wafiwa: baba wadogo wa marehemu, wajomba zake, mama yake mzazi, kaka zake kwa kufuatana, dada zake, mashemeji, watu wa kanisa, wenzake wa machimboni. Halafu chini kabisa: mke wake anayebaki na majonzi, na jina lake, na jina la binti yao. Nilihesabu mistari sita kutoka chini, nikaipiga wekundu, nikaandika badala yake "na jamaa wote". Pembeni nikatia herufi zangu mbili, kwa sababu kila aliyekata alitakiwa kutia herufi zake. Kazi yote haikufika dakika mbili. Ilitosha kwenye nafasi yake barabara, na nakumbuka nilifurahi.

Ningekuwa mgeni, mtu angeniambia pole, hukujua. Mimi nimezaliwa hapa. Nimemwona mama yangu maisha yangu yote akipakua chakula kwa baba, kwa wageni, kwa wajomba, kwa sisi, yeye akimalizia na kilichobaki kwenye sufuria, na hakuna mtu nyumbani kwetu aliyedhani kwamba yeye ndiye asiye na maana. Mwanamke mwenye adabu hatangulizi jina lake mbele ya wakubwa wa mumewe, hasa wakubwa anaowaogopa. Mama yule alijiweka chini kwa heshima, na mimi nikamkuta huko chini na kalamu. Nilijua desturi yetu kuliko kanuni ya ubaoni, lakini kanuni ilikuwa mpya, na nilikuwa nimeipenda mno.

Hilo lilikuwa kosa. Kosa naweza kulibeba. Siku ya Jumatatu ndiyo inayonisumbua.

Jumatatu ilikuwa siku ya kufunga kambi. Wazazi walikuwa wamealikwa saa nane, na asubuhi hiyo papa alijifungia kwenye chumba chake na mkurugenzi wa gazeti wakiamua nani atabaki. Mama yule akaja na mtoto, akasimama mbele ya meza yangu, akalifungua gazeti. Nilitazama komunike na ndipo nikaona nilichofanya.

Alinieleza kwa sauti ya chini. Jumamosi, mbele ya watu wote uani, kaka mkubwa wa marehemu alimuuliza yeye ni nani hapa. Akajibu ni mke. Akamwambia aangalie gazeti. Kaka akalisoma kwa sauti, jina baada ya jina, mpaka mwisho, akalikunja.

"Akasema, hata gazeti yako mwenyewe haikujui," mama alisema. "Majirani walijaribu kusema, wakaambiwa haya ni mambo ya familia. Wametupa muda mpaka kesho kutwa tutoke."

Sikuweza kumtazama. Nilikuwa namngoja anitukane, na angenitukana ningeshukuru.

"Sikukuja kugombana," alisema. "Nakuja juu ya ile karatasi yangu. Mwandiko wangu iko pale, na jina yangu iko pale. Wakiona niliandika mbele ya wao kufika, na ni gazeti njo ilikata, baba mudogo wa bwana yangu atanisikia. Ule muzee iko na moyo. Unipe tu ile karatasi."

Ilikuwa kwenye mfuko wangu chini ya meza, ndani ya daftari. Nilikuwa nimeiweka ili niwaonyeshe nyumbani jinsi ninavyokata. Mguu wangu ulikuwa unaugusa ule mfuko. Ningeitoa, angeenda nayo kwa papa kuomba muhuri, na papa angeona wekundu na herufi zangu mbili, saa chache kabla ya kutaja jina la anayebaki.

"Mama, karatasi zote hutupwa kila Ijumaa," nikasema.

"Zote?"

"Zote, mama. Njo kawaida ya hapa."

Hakuwa amepiga picha, kwa kuwa simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe. Alisimama kidogo akiitazama meza, kana kwamba karatasi ingejitokeza yenyewe. Halafu akaniambia, "Aksanti, mutoto wangu," akamshika binti yake mkono, wakatoka. Mlango ulikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Nilimwona mgongo mpaka alipopita geti, na sikuita.

Saa nane nikatajwa mimi. Mama yangu alipiga vigelegele, baba akanipa mkono kama mtu mzima, nikanywa soda na kula biskuti pamoja na wenzangu, na soda ilipita kooni vizuri tu. Ningependa kusema ilinikwama. Tulipofika nyumbani niliingia jikoni, nikaichoma ile karatasi kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Nilimwambia mama nakoleza makaa. Kwa hiyo maneno niliyomwambia yule mjane yakawa kweli, ila kwa kuchelewa.

Jumanne nzima bado nilikuwa na nafasi. Kutoka Nyakasanza mpaka Saio kwa moto si safari. Ningeweza kwenda kwa yule baba mdogo mwenye moyo, nikamwambia, karatasi haipo lakini mimi niliyeikata nipo. Nilikaa mezani nikipokea matangazo ya watu. Alhamisi ndipo nilipokwenda, na kwenye uwanja wa nyumba nikakuta kufuli jipya na vijana nisiowajua wakipakia mabati kwenye mkokoteni. Jirani akaniambia mama amekwenda kwa dada yake, Mudzipela, na mtoto na magodoro mawili. Nikasema asante, nikarudi kazini.

Sikuendelea na magazeti. Watu wakiniuliza huwa nawaambia mshahara haukueleweka, na ni kweli haukueleweka, lakini si sababu.

Mwaka jana nilimtafuta. Nilizunguka Mudzipela siku mbili nikiuliza, mpaka nikampata akiuza unga wa muhogo sokoni. Amenenepa kidogo na nywele zimeanza mvi mbele. Hakunitambua. Nilijitambulisha, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kalamu nyekundu, mfuko chini ya meza, mbabula. Aliendelea kusawazisha unga juu ya kipimo chake kwa kiganja mpaka nikamaliza. Nikamwambia naweza bado kuandika, niwaeleze watu kwenye gazeti kwamba jina lake lilikuwepo.

"Uandike umwambie nani?" akauliza. "Wote walijua."

"Nani, mama?"

"Wote pale. Ule kaka mukubwa alilala kwangu mara mbili, nikamupikia, nikamufulia shati. Alinijua kuliko weye." Akafunga mfuko wa unga, akausogeza pembeni. "Karatasi haikuwa ya kuwajulisha. Nilikuwa natafuta mutu moja tu wa kusimama na mimi pale mbele yao, aseme, huyu mama alijiandika, siye watu ya gazeti njo tulimutoa."

Nilimuuliza habari za binti yake. Akasema anasoma, ila alichelewa kuanza miaka miwili.

Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Hata kama ungenipa ile karatasi, ungetoka kwenye meza yako, tukaenda na weye mpaka Saio?"

"Ndiyo, mama," nikajibu. "Ningekwenda."

"Leo unasema ndiyo," akaniambia, akamgeukia mama mwingine aliyekuwa anangoja unga.