Mkutano wa Kijiji, Siku ya Msiba

Kazi yangu ni kuelimisha wanavijiji kuhusu hifadhi ya misitu. Siku hiyo nilipanda hadi kijiji kimoja cha milima ya Uluguru kuzungumzia madhara ya kuchoma mashamba. Kabla sijaanza, dada yangu alinipigia simu kutoka Turiani.

"Mama ametutoka," alisema.

Nikamwambia nitakuja, nikashika kipaza sauti. Niliongea kuhusu moto na vyanzo vya maji, hata nikawachekesha watu. Sikuhisi chochote.

Nilipomaliza, bibi mmoja akanisogelea. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona bado umekishikilia kipaza sauti, mwanangu?"

Nikamwambia nimefiwa na mama. Akakichukua kipaza sauti, akanikalisha kwenye benchi. Akina mama wakaja kukaa nami. Sikulia. Nikaanza kuwaeleza jinsi ya kupanda miche, nao wakanisikiliza.