Kadi ya Mama Godelieve na Posa ya Kunong'ona

Kama kuna mtu hapa Manika, mtaa wetu wa Kolwezi, anayejua kukamua kitu cha bure mpaka kilie, ni jirani yangu Mama Godelieve. Wahenga walisema ukipewa shibiri usichukue pima. Yeye akipewa shibiri anachukua pima, halafu anauliza kama kuna mfuko wa kubebea.

Nasema hivi kwa upendo. Tumepakana ukuta miaka mingi. Mimi nashona nguo, yeye anauza mikate ya kukaanga kando ya barabara ya malori ya shaba, na vumbi ni lile lile linalotuingia puani sote wawili. Mumewe alifariki binti yao, Jémima, akiwa mtoto mdogo anayeanza kuongea. Mama Godelieve akamlea peke yake, kwa mikate na kwa mdomo wake mwenyewe.

Kadi ya maktaba aliipata kwa sababu ya mvua. Alikuwa anapita na beseni kichwani, mvua ikamkuta mbele ya maktaba ya mtaa, akaingia kujikinga. Josée, mwanamke anayesimamia maktaba hiyo, akamuuliza jina lake na avenue, yaani barabara ya mtaa, anayokaa, akamwandikia kadi. Mama Godelieve akanijia nayo ameifunga kwenye pindo la kitenge.

"Mama Adèle, angalia. Banasema haina bei."

"Aka! Kitu ya bure mu Kolwezi? Utaona. Siku moja batakulipisha mpaka ile mvua ulikimbia."

Sikuwa natania tu. Hapa kwetu kuna kadi ya kuchimba, kadi ya kununua mawe, kadi ya kupita kwenye barrière, kile kizuizi cha barabarani, na sijawahi kuona hata moja isiyofungua pochi ya mtu. Nikamwambia airudishe kabla hawajamjua vizuri. Hakuirudisha.

Alianza kwa adabu. Umeme ukikatika mtaani, alikwenda kuchaji simu, kwa kuwa maktaba ina paneli za jua. Kisha akagundua kwamba Jumatano muuguzi hupita kuwapima tension ya damu wenye kadi. Akawa haikosi Jumatano, mpaka muuguzi akamwambia kwa ustaarabu kwamba damu yake iko sawa kuliko ya muuguzi mwenyewe. Akachukua mbegu za lengalenga, mchicha wetu, ambazo mtu hulipa kwa kurudisha mbegu baada ya kuvuna. Akarudisha mara mbili, akadai za biringanya. Akagundua ordinateri, yaani kompyuta, akaanza kuonana na dada yake wa Likasi kwenye kioo. Lakini maktaba ni mahali pa kimya, hairuhusiwi kuongea, kwa hiyo dada wale wawili walipungiana mikono saa nzima na kuonyeshana sufuria mpya.

Siku moja nikamkuta amekaa barazani anasoma kitabu kinene cha ufugaji wa nyuki.

"Uko na nyuki?" nikamuuliza.

"Sina."

"Utanunua?"

"Aka, banauma!"

"Sasa kitabu ni ya nini?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mjinga. "Mama Adèle. Kiko bure."

Nilicheka wiki nzima. Kisha yakaja mambo ya Jémima, na kicheko kikanikauka.

Jémima alikuwa amepata mchumba, Merdi, kijana mtulivu fundi wa pikipiki, ambaye watu wake wanatoka Sandoa, mbali, na ndiko wangeishi wakioana. Wote wawili walipendana, hilo halikuwa na shida. Shida ilikuwa Tata Barnabé, kaka mkubwa wa Mama Godelieve. Baba wa binti hayupo, kwa hiyo mjomba ndiye anayepokea posa. Na mjomba huyu alizeekea kwenye mashine ya kuponda mawe kule Kisenge, ambako usipopiga kelele hata Mungu hakusikii. Mashine aliiacha zamani, kelele akaondoka nazo. Akikuuliza "umelala salama?" unajitetea.

Kikao cha kwanza kilivunjika kwenye salamu. Tata Barnabé aliwauliza wageni wametoka wapi, wao wakaona wanafukuzwa. Mzee wao, Tata Mwenze, akajibu kwa sauti ya juu ili asidharauliwe, na wakaendelea kupanda hivyo hivyo mpaka wageni wakachukua kofia zao. Cha pili kilifanyika pale wageni walipofikia, na majirani wa huko waliruka ukuta kuja kuamulia ugomvi. Baada ya hapo Tata Mwenze akatuma neno: atakaa nao mara ya mwisho kabla ya kurudi Sandoa. Akipigiwa kelele tena, Merdi atafute mke kwenye nyumba nyingine. Jémima alilia mpaka macho yakavimba. Nilimsikia kupitia ukuta, na niliumia.

Asubuhi Mama Godelieve akaja kwangu, kadi mkononi.

"Ii kadi iko na chumba."

"Chumba ya nini?"

"Ya mikutano. Kila mwenye kadi anaweza kuiomba. Lakini kuongea ni polepole tu, juu batu banasoma ngambo ya ukuta wa mbao. Ukipiga kelele, Josée anakamata kadi yako miezi mitatu."

"Na ukamupeleke Barnabé mule? Uko na akili?"

"Njo mule nitamupeleka," akasema. "Ku fasi ingine, ku nyumba ya mutu, hatanyamaza."

Basi tukaenda. Posa maktabani! Mlangoni Mama Godelieve alimshika kaka yake mkono, akamwonyesha kadi.

"Yaya Barnabé, mukubwa wangu, ukipandisha sauti, mi nakosa kadi, na mutoto anakosa bwana."

Tata Barnabé akaingia amebana midomo kama mtu aliyejaza maji mdomoni. Nilimhurumia. Jasho lilimtoka kabla hajaketi.

Tata Mwenze alikuja amejiandaa kwa vita, akakosa wa kupigana naye. Alisalimu kwa sauti kubwa, Josée akachungulia mlangoni, na mzee akajikuta ananong'ona. Sasa Tata Barnabé hasikii vizuri. Akavuta kiti. Akakivuta tena. Mwishowe vichwa vya wazee wale viwili vilikaribia kugusana, kama watoto wanaopanga kuiba sukari.

Walinong'ona muda mrefu. Walimaliza mambo ya mahari haraka, kwani kumbe hawakuwahi kupishana sana. Walikuwa hawajawahi kusikilizana tu. Kisha Tata Mwenze akauliza kitu ambacho hakikuwa kwenye desturi.

"Tata, mara zote mbili ulikuwa na hasira. Tulikukosea nini?"

 Tata Barnabé alipojibu, ilinibidi niiname ili nimsikie, mimi niliyekuwa nikimsikia kutoka avenue ya tatu.

"Haikuwa hasira, tata. Baba yake alipokufa, uyu mutoto mi njo nilimubebaka ku mabega mpaka ku makaburi. Alikuwa anauliza tu, tunaenda wapi? Sasa ninyi munamupeleka Sandoa. Mi naogopa. Ni mbali."

Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Miaka yote hiyo ya kumwita debe tupu.

Tata Mwenze akamshika goti. "Njia ya Sandoa ni yako pia. Ukichoka kumuwaza, unakuja. Kitanda kiko."

Tata Barnabé akapangusa uso kwa kiganja. Kisha, kwa sauti ndogo kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye kifua kile, akasema, "Basi. Mutoto ni wenu."

Na hapo ndipo zilipopigwa kelele.

Vilikuwa vigelegele, virefu, vya kupasua dari, na vilitoka kwa Mama Godelieve mwenyewe. Ng'ambo ya ukuta wa mbao kitabu kilianguka. Tata Barnabé akainua mikono yote miwili na kunong'ona kwa hofu, "Si mi! Ii mara si mi!"

Josée alikuwa tayari mlangoni, kiganja wazi. Alikuwa anatabasamu, lakini kiganja hakukishusha. Mama Godelieve akafungua pindo la kitenge, akaitazama kadi yake, akaibusu, akamkabidhi.

"Nilikuambiaka batakulipisha," nikamwambia nje.

"Balinilipisha," akajibu, uso umelowa machozi na anacheka. "Na haikukuwa bei kali."

Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya meza ya Josée. Nguo ya bibi harusi naishona mimi, na nilikuwa nimesikia kwamba maktaba ina magazeti ya mitindo. Ni hilo tu lililonipeleka, asije mtu akanitania. Josée aliuliza jina langu na avenue ninayokaa. Alikuwa bado anaandika nilipomsikia mtu anagonga kioo cha dirisha kwa kidole, taratibu, na kunong'ona kutoka nje.

"Mama Adèle! Kisha, ukamate na kitabu ya nyuki. Sijamaliza."