Tundu Nililolitia Tupa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama kiwanja cha ndege na tupa, ile ya kusagia chuma, nimeificha mfukoni kama mwizi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mjini nilishapata jina kwa makasha; kifuniko changu kikifungwa, hata sisimizi hapenyi. Watu walinisifu, nami sifa zile nikazila asubuhi na jioni. Wahenga walijua waliposema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Zama zile tukisema eropleni. Bwana mmoja alikuwa nazo mbili, ndogo, za kwenda Pemba, na ndani hazikuwa na nafasi ila ya abiria wachache. Kwa hiyo kila moja aliifunga fremu ya chuma chini ya tumbo, yenye matundu manne. Akataka nimtengenezee masanduku matatu ya mbao: la barua, la dawa za hospitali, na refu la kuwekea mitungi ya kunyunyizia mashamba. Lolote liingie kwenye fremu yoyote, likazwe kwa bolti nne, lishushwe na kupachikwa jingine kabla rubani hajamaliza kahawa yake. Aliniambia haya mara mbili, nami nikaitikia bila ya kusikiliza.

Nikayatengeneza kwa mvule, nikayapiga randa mpaka yanang'aa. Matundu ya sanduku la kwanza niliyakisia kwa jicho, mengine nikayafuatisha, maana jicho langu nilikuwa naliamini kuliko futi. Kufika kiwanjani, matundu mawili yamepishana na ya fremu kwa unene wa ukucha. Eropleni ya pili ilikuwa safarini. Mzee Haji, fundi wa ndege, alikuwa amekwenda kusali adhuhuri. Nikatoa tupa, nikayapanua yale matundu ya chuma mpaka bolti zikaingia. Mbao zangu nzuri sikuzigusa, wala sikumwambia mtu.

Wiki zikapita, masanduku yakaenda na kurudi juu ya bahari kwa eropleni ile ya kwanza, ya pili ikibeba abiria tu, na mimi natembea kifua mbele.

Ndipo ikaja asubuhi ile. Eropleni ya kwanza injini imegoma, ya pili iko tayari. Kutoka Pemba imepigwa simu: dada yangu Mwanaidi amejifungua, na damu haikati. Dawa na chupa za maji ya kutia mshipani zilikuwa zimeshapakiwa kwenye sanduku langu. Tukalinyanyua. Bolti mbili zikakubali, mbili zikakataa. Mkono wangu ukaingia mfukoni.

"Wataka kufanya nini?" Mzee Haji akaniuliza. Alikuwa mtu wa Tumbatu, mpole, sauti yake haipandi.

"Nnapanua kidogo tu, Mzee. Dakika mbili."

Akaitazama tupa, kisha akanitazama mimi. "Na fremu ya ile nyengine, uliipanua?"

Mwanangu, nikapiga hesabu. Nikikubali, jina langu limekwisha. Nikikana, ile ndege itatengenezwa injini na kuruka tena na bolti zinazocheza, na rubani ana watoto.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Sema."

"Nliipanua, Mzee. Matundu mawili."

Hakunitukana. Natamani angenitukana. Alimwita rubani, akamwambia mbele yangu kwamba fremu ile isibebe kitu mpaka ibadilishwe. Kisha akawaendea abiria, akawaeleza kuna mzazi Pemba anangojea dawa. Mchuuzi wa karafuu na mkewe wakateremka hapo hapo. Chupa tukazipanga kwenye viti vyao, na yule bibi akavua kanga yake ya juu tuzifungie zisigongane. Eropleni ikaruka.

Tukakaa tukingoja simu. Ndipo Mzee Haji akaniuliza, "Mama yako anashona kanzu. Hukisia kwa jicho?"

"Hapana. Ana kigezo cha karatasi."

"Na kitambaa kisipolingana na kigezo, anakata kipi?"

"Anakata kitambaa."

"Basi," akasema Mzee Haji, Mungu amrehemu.

Simu ilikuja alasiri. Damu imekata. Nililia mbele ya watu, sikuona haya.

Fremu mpya ilipofika, nikakatia kigezo cha bati juu yake, matundu manne, nikayatengeneza masanduku yote upya. Siku ya kuyajaribu nilisimama mbali, mikono nyuma. Mzee Haji akachukua sanduku lolote, akalipachika kwenye ndege yoyote, na bolti zikaingia kwa vidole vitupu. Akacheka, mara ya kwanza namwona akicheka.

Basi nasaha yangu ni hii. Kipimo cha wote kikiikataa kazi yako, rekebisha kazi yako, usikitie tupa kipimo. Na ukiteleza ukakitia, sema mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wangu ulitaka kujengwa kwa roho za watu.

Mwanaidi ndiye bibi yako. Mtoto aliyezaliwa siku ile ndiye mama yako. Na wewe keshokutwa unafungua karakana yako Bububu, ndiyo maana nimekuita. Kichukue kigezo hiki cha bati, kina kutu kidogo pembeni, lakini matundu yake ni yale yale. Mwenyezi Mungu akupe mkono mzito kwenye tupa na ulimi mwepesi kwenye kweli, mwanangu. Amin.