Bipu ya Mwaka wa Mavuno

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo naona haya. Nilikuwa kijana, nina kibanda cha unga hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, naishi na mama. Dada yangu mkubwa, Yaya Zuhura, alikuwa Johannesburg akishona nguo.

Kupiga simu nje kulikuwa ghali, basi mimi nilimbipu tu, yeye anipigie. Na nilimbipu lini? Kwacha, fedha ya huku, ikishuka na mahindi yakipanda bei sokoni Mponela, kambi nzima tulikimbilia simu. Yaya hakuwa na maswali mengi. Alituma, nikaenda Lilongwe kuchukua kwa mfanyabiashara mmoja wa Chilinde, tukala. Miezi mizuri sikumtafuta. Sikuwa na ubaya, nilikuwa mzembe, na tumbo likishiba husahau upesi.

Mwaka mmoja mvua zilikuja vizuri. Bei zikashuka, nikapata wateja hadi mtaa wa Area 47 kule Lilongwe. Nikasema, leo ngoja nimsalimie Yaya. Nikabipu. Hakupiga. Siku ya tatu nikaambiwa fedha zangu ziko Chilinde, nyingi kuliko zote alizowahi kutuma. Nami, bwana mkubwa, nikanunua redio na viatu vya ngozi bila hata kuuliza.

Wiki iliyofuata alipiga.

"Ndugu yangu, njaa ya safari hii iko kali sana?"

"Hakuna njaa, Yaya. Nilitaka kukusalimia tu."

Akasema, "Mi nilishauzisha mashini ya kushona. Kazi huku imepunguka, sikukuwa na feza ingine. We ukibipu, njo najua mama analala njaa."

Nililia, mwanangu, wala sikujificha. Redio niliiuza kwa hasara, viatu havikurudishwa. Yaya alifua nguo za watu miaka miwili kabla sijaweza kumsaidia kununua mashine nyingine.

Basi nisikilize. Fedha ya ndugu wa nje huja nyingi siku tunapozama, lakini anayetuma naye ana siku zake za kuzama, na hazingoji zetu zipite. Ikija, usifunge kibanda chako. Mavuno yakifika, nunua mahindi uweke, mwezi mgumu ukukute nayo. Na mpigie ndugu yako siku umeshiba, umuulize yeye amekula nini.

Mungu akubariki, akupe ndugu wa mbali wanaofurahi wakiona namba yako.