Tai Yangu Kwenye Mlango wa Landrova

Jamani, haya nayasimulia huku nimeinamisha macho, maana hata leo nikipita Oldeani naona kama mibuni yenyewe inanicheka.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, mimi karani wa benki, na hakuna aliyeipenda kazi yake kama mimi (tai nilikuwa nafunga hata Jumapili, mke wangu shahidi), tofauti na dereva wetu Mzee Tluway, ambaye tangu Karatu mpaka mashambani alikuwa akilalamika tu, mara mshahara mdogo, mara matairi vipara, "Benki hii itanizika, mwezi ujao naacha!" Kwa hiyo siku meneja alipokuja kutoka Arusha tukapeleke naye mishahara ya shamba la kahawa kule Oldeani, huku akitafuta mtu wa kumkabidhi tawi dogo la Karatu, nilijua tawi ni langu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kwenye mlima gari likakwama. Meneja mwenyewe akavua viatu, akakunja suruali, akaita watu wasaidie kusukuma, nami nikaitazama suruali yangu ilivyopigwa pasi nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Mimi sanduku la fedha siliachi, bwana, hata nife nalo!"

Basi nikabaki ndani nimelikumbatia, wakasukuma, gari likapanda kidogo kisha likateleza, likaanza kurudi nyuma, wasukumaji wakaruka kando, na kule chini kwenye kona walikuwa wamekaa wachumaji wakisubiri mshahara, akina mama na watoto mgongoni. Mzee Tluway akaniambia, "Toa kichwa uwapigie kelele wakimbie!" Mimi (Mungu anisamehe) nilishaufungua mlango. Nikaruka, mlango ukajipiga nyuma yangu ukaibana tai, nikawa nakimbizwa matopeni kando ya gari kama ndama anayeburutwa mnadani.

Mzee akakata usukani, akaligongesha gari kwenye ukingo wa barabara, likasimama hatua chache kabla ya kuwafikia wale akina mama. Mkono wake wa kulia ulivunjika. Ni yeye aliyenifungulia mlango, kwa mkono wa kushoto, watu wote wakinitazama.

"Sanduku?" meneja akauliza akihema.

"Lipo, bwana," Mzee akajibu. "Aliyetoka ni karani."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Nilipokwenda kumwona hospitali nikamuuliza, mzee, kazi hii unaichukia, mbona hukuruka? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Kazi siipendi, kweli. Wale watoto wamekosa nini?"

Tawi nililikosa, na ilikuwa haki. Mzee alirudi kazini na mkono uliopinda, akaanza kulalamika kabla hatujatoka getini, nami nikakaa kando yake shingo wazi, bila tai, nikamsikiliza mpaka Oldeani. Tangu siku ile sijamwambia mtu yeyote jinsi ninavyoipenda kazi yangu.