Kiti cha Ndayisaba

Mume wangu Evaristi ni mfupi, na silisemi hilo kwa dharau, maana hata yeye hujitania mwenyewe. Ni dereva wa malori aliyestaafu, mzaliwa wa hapa hapa Kasulo, mtu wa misa ya kwanza na chai ya tangawizi. Lakini akiingia kwenye ile Datsun yake hasogezi kiti mbele kama wafanyavyo wafupi wenzake. Anachukua mto wangu wa sebuleni, anauweka mgongoni, ananyoosha miguu mpaka vidole viiguse klachi, halafu anaendesha hivyo hivyo, kama mtoto aliyekalia kiti cha baba yake. Ukimuuliza, atakuambia reli za kiti zimeshika kutu. Ni kweli zimeshika kutu, lakini sijamwona hata siku moja akizitia mafuta.

Kiti kile kilipimwa kwa miguu ya mtu mwingine, mtu mrefu, Mrundi wa Muyinga aliyeitwa Ndayisaba. Nimeishi na mtu huyo nyumbani kwangu miaka mingi na hata picha yake sijapata kuiona.

Mwaka wa tisini na tatu, vita vilipolipuka Burundi, Evaristi alikuwa kijana wa kubeba mizigo pale mpakani Kabanga. Watu walikuwa wanaingia kwa miguu, magodoro vichwani, watoto migongoni, na katikati yao likatokea gari jeupe lenye mistari miwili myekundu. Datsun 160J, ile ya kabureta mbili, ya watu wa mashindano. Siku hiyo halikukimbia. Lilikuja taratibu nyuma ya watembea kwa miguu, na dereva hakuwapigia honi hata mara moja wampishe. Evaristi anasema alisimama na gunia la maharage kichwani mpaka mwenye gunia akamtukana, kwa sababu mngurumo wa injini ile aliusikia tumboni. Habari hiyo amenisimulia mara nyingi kuliko habari ya siku aliyoniona mimi kwa mara ya kwanza, na mimi nilikuwa mzuri.

Ndayisaba aliifikisha familia yake Nemba, kule Biharamulo, kwa ndugu zao waliokuwa wamelowea zamani wakilima. Akaliegesha gari kwenye banda la nyasi, akamwachia mkewe Speciosa funguo, akarudi Burundi kwa miguu kumfuata mama yake mzazi. Hakuonekana tena. Hakuna aliyeuona mwili wala aliyeleta habari. Speciosa akabaki na binti yake mdogo, Josiane, na gari bandani.

Sasa, kwa Warundi, na sisi Wahangaza hatuko mbali nao, mtu akifa kuna kuganduka. Ndiyo siku ya kumaliza matanga. Ukoo unakutana, pombe ya mtama inanywewa, wafiwa wanatolewa kwenye majonzi, na vitu vya marehemu vinapata mwenyewe mpya mbele ya watu. Kabla ya siku hiyo, cha marehemu bado ni chake. Wajane wenzake Speciosa waliganduka hata bila mwili, wakazika mgomba badala ya mtu. Yeye alikataa. Alisema mume wake hajafa, amechelewa tu.

Evaristi alilikuta gari hilo akiwa dereva tayari, siku alipokwenda Nemba kupakia maharage. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Alilitambua kwa mistari yake, akarudi nyumbani hali chakula. Akaenda kumbembeleza Speciosa mara ya kwanza, akaenda mara ya pili, akaenda mpaka nikaanza kuuliza kama anafuata gari au anafuata mjane. Mwishowe paa la Speciosa likaanza kuvuja, akakubali. Siku hiyo nilikuwepo.

"Gari nakuuzia," Speciosa alimwambia. "Lakini mwenyewe akifika, utamrudishia. Usibadirishe kitu. Asije akaniuriza gari lake nimerifanya nini."

"Sawa, mama," Evaristi akajibu haraka haraka, kama mtu aliyeambiwa afunge mlango akitoka.

Nikamvuta shati. "Baba Wiston, hujauziwa gari wewe. Umepewa amana."

Hakunisikia. Sisi watu wa mpakani tuna ugonjwa huo. Tumezoea kununua chochote kinachovuka, iwe kitenge, iwe baiskeli, iwe ndama, wala hatufikirii kwamba vitu vingine huvuka na wenyewe.

Bati la magari ya miaka ile ni jembamba, na kutu ikishalionja hailiachi. Fundi wetu wa bodi, Jeremia, alilipiga jeki, akagonga chini kwa bisibisi, bisibisi ikazama mpaka mpini. Walipong'oa zulia wakakuta sakafu imezibwa kwa mabati ya makopo ya mafuta ya kula, yale yaliyokuwa yakigawiwa makambini, maandishi yake yakisomeka bado. Evaristi alipomuuliza Speciosa, alisema ni yeye aliyemtafuta mtu wa kuziba, mwaka baada ya mwaka, ili mume wake akija asikute sakafu imetoboka. Jeremia akayabandua makopo yote. Mengine Evaristi aliyatunza stoo, na hakuniambia kwa nini.

Jeremia akachomelea chini ya milango, tundu likatokea juu ya gurudumu. Akaziba la gurudumu, buti ikaanza kuvuja. Evaristi alipaka oili chafu chini ya gari mpaka nyumba yangu nzima ikanuka gereji. Doa la kutu aliliita "rangi imechoka," kwa maana ukipenda chongo huita kengeza. "La kuvunda halina ubani," nilimwambia. Akacheka, akaendelea kupiga msasa.

Nisiseme uongo, gari lilikuwa na raha yake. Siku moja alinipakia tukashuka lami kuelekea Rusumo. Alipolikanyagia lilinguruma, mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti, migomba ikapita pembeni kwa fujo, nami nikapiga kelele nikimtaja Bikira Maria huku nacheka. Niliporudi nyumbani nilimwelewa kidogo mume wangu. Nilimwonea na huruma, maana uso wake ulikuwa wa mtu aliyeazima suti.

Halafu ikaja ile honi.

Ilikuwa siku ya mvua ya kwanza ya vuli. Gari liko uani chini ya turubai, hamna mtu ndani, funguo ziko msumarini sebuleni. Honi ikalia mara mbili, fupi fupi, kama mtu aliyefika getini kwake. Wote wawili tulitoka. Getini hapakuwa na mtu. Kesho yake Jeremia alikuja, akaonyesha pale chini ya kioo cha mbele ambapo kutu imetoboa na maji yanadondokea waya wa honi. Akasema aukate tu, dakika moja.

"Huwezi kumkata mtu sauti yake," Evaristi akamjibu.

Jeremia alinitazama. Mimi nilitazama chini, kwa sababu niliogopa.

Tangu hapo kila mvua ikinyesha gari liliita, na kila lilipoita Evaristi alitoka kufungua geti. Alilowa, akasimama kidogo, akafunga, akarudi kukaa. Betri hakuitoa; alisema gari la watu lazima liwe tayari. Nilikasirika, nikanuna, nikatishia kwenda Mwanza kwa mwanetu Wiston. Mchana mmoja mtu mrefu mwenye lafudhi ya Kirundi alisimama getini kuuliza njia ya kwenda Benaco. Evaristi aliingia ndani bila kumjibu, akatoka na funguo za gari ameziweka juu ya viganja viwili, kama anayepeleka sadaka. Yule mtu alikuwa mchuuzi wa vitenge. Akacheka, akaendelea na safari yake. Mume wangu aliganda pale na funguo zake, na mimi nikajua kwamba nikinyamaza nitampoteza.

Nikampigia simu Josiane, ambaye sasa ni mama wa watoto wake mwenyewe pale pale Nemba. Alilia kabla sijamaliza kueleza. Alisema ameomba kuganduka kwa baba yake tangu alipokuwa msichana, na mama yake humgeuzia mgongo. Tukakubaliana twende tukamwombe pamoja, mimi na Evaristi, tena tuende na gari lenyewe. Evaristi hakupinga. Tulipokuwa tunavuka pori, mto mgongoni na mikono yote miwili kwenye usukani, alisema kwa sauti ndogo, "Akikubali, Mama Wiston, litakuwa langu." Sijapata kusikia mtu akilitamani jambo namna ile.

Mvua ilitukuta tulipoacha lami. Kwenye barabara ya udongo gari lilitikisika, likagongwa na mawe tumboni, na nilisikia vitu vikimomonyoka chini ya miguu yangu. Tukafika kwa Speciosa. Evaristi akasimamisha mbele ya uzio wa miti ya miyenzi, akazima injini. Kabla hajafungua mlango, honi ikalia yenyewe mara mbili.

Speciosa alitoka ndani mbio, hana viatu, khanga moja imemwanguka begani. Mama mwenye mvi, mbio kama msichana. Alikuwa akiongea Kirundi kwa sauti ya kugombeza, na mimi Kirundi nakisikia. Alikuwa anasema, "Umechelewa! Umechelewa, mbona umechelewa hivi!" Akalizunguka gari mpaka kwenye dirisha la dereva, akainama, akamwona Evaristi na mto wake.

Namuomba Mungu nisije nikaona uso ule tena.

"Shikamoo, mama," Evaristi akasema.

Speciosa akaliacha dirisha lile. Alikuja upande wangu, nami nikashuka bila kuambiwa. Akaingia, akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akafunga mlango kwa mkono wa mtu anayejua mlango ule unavutwaje. Akakanyaga pale mwanamke anapokanyaga akiogopa mwendo. Sakafu ikaachia. Ilianguka kipande kizima, bila hata kelele ya maana, na nyayo zake zikatua kwenye matope ya nje ya uzio wake.

Josiane alikuwa ameshafika, ameshika mdomo. Speciosa aliinamisha kichwa akaitazama miguu yake mwenyewe humo ndani ya gari, imesimama chini, mvua ikipita katikati ya vidole. Halafu akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie:

"Ndayisaba asingeriacha gari rake rifike hapa. Angekuwa hai, asingeriacha."

Akaitoa miguu kwenye tundu.

"Amekufa."

Josiane akapiga yowe, yowe la msiba lililokaa kifuani tangu utotoni, na majirani wakaanza kuja. Evaristi hakushuka. Aliinamia usukani. Nilijua kinachomuuma, kwa kuwa neno lile lilimpata yeye. Miaka yote ile ya msasa, oili chafu na kuchomelea, na gari lilikuwa limeozea mikononi mwake.

Wakazika mgomba. Wakati wa kuganduka ulipofika, pombe ya mtama ikanywewa, Speciosa akavuliwa majonzi, akanyolewa, akavaa gauni la maua. Alionekana mtu aliyetua mzigo na bado hajui mikono aiweke wapi. Mbele ya ukoo alisimama akasema gari ni la Evaristi, asiulizwe na mtu. Kisha akamgeukia.

"Sasa sogeza kiti, mwanangu. Ni cha kwako."

Evaristi alisema asante, mama.

Gari lilirudi Kasulo juu ya lori. Liko uani, na kutu sasa inakula bila kusumbuliwa na mtu. Betri aliitoa mwenyewe, akampa Jeremia. Kiti hakukisogeza.

Nilidhani tumemaliza. Ila juzi mvua imekuja, tumekaa sebuleni, chai mezani, na gari kimya kabisa. Evaristi alikuwa anasikiliza. Mimi nilimtazama anavyosikiliza, nikaelewa kwamba Speciosa alipouacha ule mzigo wa kungoja, hakuutupa njiani. Aliutua hapa kwetu. Evaristi akaweka kikombe chini, akatoka kwenye mvua, akafungua geti.