Filtre Nyekundu

Leo fundi wa pikipiki amemwaga mafuta machafu mbele ya mlango wangu, na harufu yake imenirudisha utotoni, kwenye soko la Kasongo. Baba alishika filtre mbili, vichujio vya mafuta ya injini ya gari yake ya zamani aina ya jipu: moja imejaa vumbi, nyingine nyekundu, inang'aa.

“Chagua, mama,” aliniambia, maana nilibeba jina la mama yake. “Mukono wako iko na baraka.”

Nilishika nyekundu. Baba alipapasa mpira wake wa kuziba, akahisi umekauka, akasita, lakini akainunua. Kwenye njia ya Kabambare mafuta yote yakavuja, moteri ikafa kabisa. Tangu hapo alisukuma mizigo kwa baiskeli.

“Ni nani alichagua ile filtre?” Mama aliuliza kila Baba aliporudi amechoka.

“Ni mimi,” Baba alijibu.

Nami nilikuwa palepale, namenya mihogo kwa mkono uleule wa baraka.